Mbwa mwitu huyo ni wa nani?

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama skuli zetu za msingi ziyafungulie milango matamasha ya watoto yanayochanganya muziki wa klasiki wa Ulaya, hadithi na uchoraji, au muda huo tuutumie kwa sanaa zetu wenyewe. Nilitaka kujibu kwa neno moja tu, hapana, nikalale. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu huku shamba, Kusini Unguja, na tamasha la namna hiyo lilishatufika.

Lakini hapana yangu si ile mtakayoandikiwa na wengi. Wapo watakaosema fidla na chelo ni mambo ya wazungu. Hao waende mjini wakatizame mazoezi ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha tangu 1905, au ya Culture Musical Club, wazione fidla zilivyokaa safu na besi limesimama nyuma yake. Taarab yenyewe tuliipokea kutoka Misri enzi za Sultani Sayyid Barghash, na leo hakuna anayeiuliza pasi ya kusafiria.

Wapo pia watakaosema muziki skuli haufai kwa dini. Hilo silibezi, maana wanaolisema ni wazazi ninaoonana nao kila siku. Mwalimu mkuu aliwaarifu mapema, tamasha likawekwa asubuhi ili lisigongane na masomo ya Kurani chuoni, na mzazi mmoja akaja kumchukua mwanawe kwa adabu, tukampa. Hapo hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi wangu mimi ni wa michoro.

Wageni walikuja na ala zao na kijana wa mjini wa kuwatafsiria. Waliichagua kazi ya Mrusi Sergei Prokofiev ya mwaka 1936, "Peter and the Wolf", ambayo aliitunga khasa kwa watoto ili wazijue ala kupitia hadithi. Kila aliyemo ana sauti yake. Ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu mkali ni fagoti, Peter mwenyewe ni fidla na jamaa zake. Mbwa mwitu anapigiwa honi tatu, si za gari, za kupulizwa mdomoni. Wageni wetu honi hawakuwa nayo hata moja, kwa hiyo mbwa mwitu akapewa chelo, na sidhani kama Prokofiev angelalamika, kwa vile yule mama alivyozivuta zile nyuzi nene. Watoto waliokaa kwenye mkeka wa mbele walisogea nyuma wote pamoja bila kuambiwa.

Kabla ya hapo walikuwa wameshaambiwa wanyamaze. Ndiyo desturi ya muziki ule: unakaa, unasikiliza, unapiga makofi mwisho. Mwenzangu mmoja akasimama pembeni na bakora yake kwapani, kwa wema tu, kuilinda desturi ya wageni. Yule kijana mfasiri, sijui alisahau au alifanya makusudi, akaanza kwa kusema "Paukwa!" Darasa zima likaitika "Pakawa!" hata mpiga fidla akaunyanyua upinde wake hewani. Na tokea hapo hawakunyamaza tena. Watoto wetu hadithi hawaisikilizi tu, wanaijibu. Paka alipomnyemelea ndege wakampigia kelele ndege. Babu alipomkemea Peter wakacheka, kila mmoja anaye wake nyumbani.

Alipotajwa mbwa mwitu, mtoto mmoja wa kike, wa darasa langu, akanyoosha mkono, akauliza: "Ni wa nani?"

Mfasiri hakuelewa, au alielewa akaona tabu kuwafasiria wageni. Wasomaji wa Unguja wameshaelewa. Mnyama mkali anayekuja karibu na nyumba usiku, kwetu ni chui, na chui ana mwenyewe. Wataalamu wanasema huenda chui wa Unguja kashatoweka. Wazee wanasema wapo, na wanaowafuga wapo. Miaka ya 1960 ilipita kampeni nzima ya kuwasaka chui pamoja na watu waliodaiwa kuwafuga, na huku kwetu bado kuna majina yanayotajwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mtoto aliuliza swali la maana kabisa. Mbwa mwitu wa Prokofiev anatoka tu msituni na kummeza bata, hana aliyemtuma. Hilo ndilo lililomshinda kulifahamu.

Akaambiwa: "Hana mwenyewe, ni wa porini." Akakaa, lakini niliuona uso wake.

Mwisho wa hadithi, kwa wasioijua, mbwa mwitu anakamatwa na kupelekwa bustani ya wanyama, na bata aliyemmeza mzima mzima anasikika bado analia tumboni. Hapo muziki ukaisha, wageni wakainama kushukuru. Watoto hawakupiga makofi. Walipiga kelele: atolewe! Bata atolewe! Mmoja akataka kisu. Msimulizi akacheka, akasema hadithi imekwisha, nao wakamwambia haijesha, itaishaje na bata yumo ndani? Mfasiri akatoka jasho. Mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliburudika kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Ndipo zikagawiwa karatasi na rangi nzuri, ambazo skuli yetu haijapata kuwa nazo, kila mtoto achore alichokisikia. Wengi walichora bata anatoka tumboni kwa njia mbalimbali, nyengine sizitaji gazetini. Yule wa darasa langu alimchora mbwa mwitu mwenye madoa, ana kamba shingoni, na kamba imeshikwa na mkono. Mwenye mkono hayupo, kakatwa na ukingo wa karatasi. Alikuwa amelijibu swali lake mwenyewe, na kwa hekima, maana sura hakuichora.

Wageni waliupenda mno mchoro ule. Wakaupiga picha, wakamsifu mtoto kwa ubunifu wake. Kisha wakaikusanya michoro yote, wakaitia kwenye bahasha kubwa, ikaenda kwenye maonyesho yao huko kwao. Tuliahidiwa tutaletewa picha. Mtoto alikuja kwangu kuuliza karatasi yake itarudi lini, kwa sababu alitaka kumwonyesha bibi yake. Nilimwambia itarudi. Haijarudi, na mtoto sasa yuko madarasa makubwa na ananiamkia vizuri tu, lakini hajapata kuniuliza tena.

Basi hiyo ndiyo hapana yangu. Mtu hawezi kuja na hadithi yake, akachukua za watoto, akaondoka nazo.

Nimefika hapa naona bado nina la kusema, na halielekei kule nilikokusudia. Sisi huku muziki wote tunausikia kupitia spika. Harusini spika, mikutanoni spika, hata kasida siku hizi maikrofoni zinavuma mpaka dufu lenyewe hulisikii. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza watoto wangu kusikia uzi ukipigwa mbele yao bila umeme, kwa ukaribu wa kuuona mkono unavyotetemeka. Kuna kipande cha paka, klarineti peke yake, chini chini, ambapo hata wale wabishi walinyamaza, na bakora haikuhusika. Na kwa muda mrefu baada ya hapo, mapumziko, walikuwa wakigawana ala kwa midomo, wakigombania nani awe paka. Bata hakuna aliyemtaka. Mimi na masomo yangu yote ya sayansi sijawahi kugombaniwa uwanjani.

Kwa hiyo andikeni kwamba nimejibu ndiyo. Waje, hata mwaka huu. Lakini waanze kwa kupita mjini, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo tangu 2002 na vijana wanaopiga fidla wapo, wachukue japo wawili wakae nao kwenye mkeka. Hadithi nazo, si lazima zote zitoke Urusi. Ile ya kima na papa, kima aliyedai moyo wake kauacha mtini, ilichapwa tangu 1870 kutokana na masimulizi ya hapa hapa Unguja, na papa angefaa sana kwa besi. Wakitaka kubaki na Peter wao, sina neno, ila wajitayarishe kwa suala la bata.

Michoro ibaki skuli. Wapige picha wanavyotaka, karatasi ni ya mtoto. Na kama sharti hilo ni gumu kwao, basi waje bila karatasi wala rangi. Ubao tunao, na chaki hazijaisha.

Mwalimu wa darasa la tatu,
Kusini Unguja