Kukariri maana za maneno magumu ya Kiingereza

Mdogo wangu, unauliza kama ukariri kamusi kuanzia A ili Kiingereza chako kipande ngazi. Usijichoshe. Kwanza badili kamusi: chukua ya wanaojifunza lugha, si ile ya waliozaliwa na Kiingereza. Kwa mfano, kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilieleza maana kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu, kwa hiyo hurushwi kutoka neno gumu moja hadi jingine.

Halafu, maana peke yake haitoshi. Chukua “mitigate”. Ni kupunguza ukali au madhara, sawa, lakini tazama linaandamana na nini: hatari, athari, hasara. Ukimwambia muuzaji a-mitigate bei ya nyanya atakukodolea macho tu. Nakili sentensi nzima ya mfano kwenye daftari, kisha tunga yako inayohusu kazi yako.

Pa kuanzia? Orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno moja pamoja na maumbo yake). Hayo utayakuta kwenye makala nyingi za chuo. Yale marefu ya kujionyesha waachie wanasiasa.