Mawaridi na haidrenja kwenye tuta moja

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Isamilo, juu kwenye mawe. Kwenye ukuta unaotazama ziwa nimepanda mawaridi, na katikati yake haidrenja mbili za buluu. Kila mchana haidrenja zinanyong'onyea, kwa hiyo narushia tuta zima maji kwa mpira asubuhi na jioni. Sasa mawaridi yana madoa meusi na majani yanapukutika. Ning'oe kipi?
Msomaji, Isamilo

JIBU: Marahaba mwanangu. Using'oe kitu, hamisha haidrenja. Ukuta huo unatazama magharibi, unapigwa na jua kali la alasiri, na mawe yanayokuzunguka yanaendelea kutoa joto hadi usiku. Waridi linavumilia. Haidrenja asili yake ni Japani, inataka jua la asubuhi tu, kisha kivuli.

Hapa kwetu Mwanza kivuli kinahitaji akili, maana tuko karibu na ikweta. Mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, hivyo kivuli cha pande hizo mbili kinahama. Upande wa mashariki wa nyumba ndio wenye kivuli cha mchana mwaka mzima. Panda haidrenja hapo, hatua moja kutoka ukutani. Ukitaka ziwe pamoja na mawaridi, na mimi napenda sana mchanganyiko huo, yasogeze mawaridi mbele, kama mita mbili kutoka ukutani. Yatapata saa sita za jua yanazohitaji kabla kivuli hakijayafikia. Hamisha jioni, mvua za vuli zikishakolea.

Madoa meusi ni ukungu, na unaulisha wewe kwa kulowesha majani, hasa jioni, yanapolala mabichi. Okota yote yaliyoanguka, uyachome. Waridi limwagie shinani, asubuhi, maji mengi mara mbili kwa wiki. Haidrenja kiangazi inataka karibu kila siku, kwa sababu luseni yetu, yaani udongo wa kichanga, haishiki maji. Changanya samadi iliyooza vizuri kwenye shimo, kisha tandaza pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, zisiguse shina. Mashine za kukoboa zinazo tele.

Jivu la jikoni usiliweke kwenye haidrenja. Buluu inatokana na alumini, ambayo mmea unaweza kuifyonza udongo ukiwa na tindikali; jivu linaipunguza tindikali hiyo na maua yanageuka rangi ya waridi.

Na mkasi pia uwe na adabu tofauti. Waridi linachanua kwenye tawi jipya, likate bila huruma. Haidrenja ya aina hii huchanua kwenye tawi la zamani, kwa hiyo ondoa kichwa kilichokauka tu. Majani yake yana sumu, mbuzi wasiyafikie.