Shoroba za Wanyamapori Mpakani

SWALI: Mhariri, je, mkataba kati ya nchi jirani unatosha kufungua ushoroba wa wanyamapori, yaani njia wanayopitia kutoka eneo moja hadi jingine?

JIBU: Hautoshi. Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe zilitia saini mkataba wa eneo la hifadhi linalovuka mipaka yao, Kavango-Zambezi, mwaka 2011, nalo lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 520,000. Hata hivyo, uzio uliojengwa ili kuwakinga ng'ombe na ugonjwa wa miguu na midomo bado unakata baadhi ya njia za tembo. Kuuondoa ni suala la madaktari wa mifugo na masoko ya nyama, jambo ambalo wanadiplomasia hulisahau kwa urahisi. Kwa maoni yangu, lenye manufaa zaidi ni kubadilishana taarifa za mikanda ya setilaiti wanayovalishwa tembo shingoni, kwani huonyesha wanapovukia hasa.