Kuchagua kaya kwa nasibu visiwani Ukerewe

Mkuu, umeuliza kama orodha ya kaya aliyonayo mtendaji wa kijiji inatosha kuchagulia kaya 300 za utafiti visiwani Ukerewe. Haitoshi. Orodha hizo huwasahau wageni, na kwenye mialo, yaani ufukweni wanakoshushia samaki, wageni ni wengi: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mama lishe. Asiyeandikwa hana nafasi ya kuchaguliwa, hata ukipiga kura kwa uaminifu namna gani.

Fanya kwa hatua mbili. Omba NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) maeneo ya kuhesabia watu ya sensa ya 2022, uyachague kwa nasibu, yenye kaya nyingi yakipata nafasi kubwa zaidi. Kisha orodhesha mwenyewe kila kaya katika maeneo yaliyotoka, ndipo uchague idadi sawa kwa kila eneo. Ile njia ya kuzungusha kalamu katikati ya kijiji na kufuata inakoelekea iache. Inapendelea nyumba za katikati.

Linaloangusha wengi ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mchana wavuvi wamelala. Siku za mbalamwezi wengi hupumzika, ingawa wengine huzitumia kwenda kwao, kwa hiyo ulizia mwalo kwa mwalo kabla ya kupanga safari.

Kaya usiyoikuta irudie hadi mara tatu. Usichukue ya jirani badala yake, nakuomba sana. Nimeona wadodosaji wakifanya hivyo kwa sababu boti inasubiri, na wavuvi wakakosekana kabisa kwenye takwimu. Tenga mapema pesa ya mafuta ya siku za ziada.