Fidhuli, mjuvi au jasiri? Maswali yenu kuhusu vivumishi vya Kiingereza

Barua kadhaa zimeuliza kuhusu maneno ambayo Waingereza humwitia mtu asiye na haya, mwenye mdomo, au anayethubutu kuliko wenzake. Nimechagua tano.

Kamusi yangu inaeleza "impudent", "insolent" na "impertinent" kwa neno moja tu: fidhuli. Basi nitumie lolote?

Hapana, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Yote matatu asili yake ni Kilatini, lakini kila moja lina kosa lake.

"Impudent" linatokana na kitenzi "pudere", kuona haya. Anayeitwa hivyo ni mkavu wa macho. Mtoto amekutwa na sukari mdomoni, anaulizwa, anajibu: "Sijala. Na hata kama nimekula, kwani vipi?" Huyo ndiye.

"Insolent" linataka ngazi. Kuna aliye juu na aliye chini, na wa chini anaonyesha dharau waziwazi: mwanafunzi anasemeshwa na mwalimu, anampa mgongo, askari anamjibu afisa wake kwa kebehi. Zamani jeuri hiyo iliweza kutoka juu pia. Hamlet wa Shakespeare analalamikia "the insolence of office", yaani jeuri ya wenye vyeo. Siku hizi neno hutumika zaidi kwa wa chini.

"Impertinent" mwanzoni lilihusu jambo lisilohusiana na mada, na wanasheria bado wanalitumia hivyo. Shika hapo hapo: mtu huyu anajiingiza katika yasiyomhusu. Mgeni anamuuliza mwenyeji wake mezani, "Mshahara wako kiasi gani?" Hajatukana wala hajapaza sauti, pengine hata anatabasamu. Swali ni "impertinent", lakini si "insolent" hata kidogo. Swali hilohilo likiulizwa na karani wa benki kwa anayeomba mkopo, halina ubaya wowote.

Bosi wangu Mwingereza alisoma barua pepe yangu akasema, "That's a bit cheeky." Je, nimemuudhi?

Sidhani. "Cheek" ni shavu, na tangu karne ya 19 neno hilo limebeba pia maana ya ujuvi. Kwa Mwingereza, "cheeky" mara nyingi huja na tabasamu. Babu humwita hivyo mjukuu anayempenda. Bosi amekuambia umevuka mstari kidogo na yeye ameuona. Usimwandikie waraka mrefu wa kuomba radhi. Safari ijayo punguza tu.

Lakini tabasamu hilo halikuwapo kila mahali. Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, Wazungu walimwita "cheeky" Mwafrika aliyethubutu kuwajibu au kudai haki yake, na neno hilo lilitangulia kipigo au kufukuzwa kazi. Marekani, katika majimbo ya kusini, neno la namna hiyo lilikuwa "uppity", na mpaka leo linamchoma Mmarekani Mweusi anayeitwa hivyo. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuuliza neno lina ukali gani, uliza nani anamwambia nani. Vivumishi hivi vinamweleza anayevitamka sawasawa na anayeitwa.

Tofauti ya "brazen" na "shameless" ni nini?

"Shameless" ni la jumla. "Brazen" limetokana na "brass", madini ya jamii ya shaba. Uso mgumu usiobadilika hata mtu akifumaniwa, ule ambao sisi tunauita uso wa mbuzi. Linapenda matendo ya hadharani: wizi wa mchana kweupe ni "brazen", lakini aliyeiba usiku kwa kunyata hastahili neno hilo, hata kama hana haya. Kwa uongo, Waingereza husema zaidi "a barefaced lie", na Wamarekani "bald-faced".

"Saucy" na "sassy" ni neno moja?

Kwa asili, ndiyo. La pili ni matamshi ya Kimarekani ya la kwanza, nalo la kwanza limetokana na "sauce", mchuzi wenye ladha kali. Katika onyesho la kwanza la Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, fundi viatu anamjibu kiongozi wa Roma kwa mafumbo, naye anaitwa "thou saucy fellow". Hapo ni ujuvi tu. Leo nchini Uingereza "saucy" limeelekea kwenye mizaha ya mapenzi, kwa hiyo usimwite hivyo mwanamke usiyemzoea.

"Sassy" ni jepesi zaidi na wengi hulitoa kama sifa. Kinachonikera ni kwamba karibu kila mara anayeitwa hivyo ni mwanamke au msichana. Mwanamume akisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, anaitwa "confident". Wanaofundisha Kiingereza wawaeleze wanafunzi wao jambo hili.

Naandika barua ya kuomba kazi. Nijiite "bold" au "audacious"?

Usijiite lolote kati ya hayo. "Audacious" linatoka kwa "audere", kuthubutu, na linaweza kuwa sifa kubwa: mwaka 2004 Barack Obama alizungumzia "the audacity of hope" mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ila sifa hiyo hutolewa na wengine, au hupewa jambo. Ukijipa mwenyewe, msomaji anaona majivuno. "Bold" nalo, nchini Ireland, ndilo neno la kumkemea mtoto mtundu. Likiambatana na kazi uliyoifanya halina shida, kwa mfano "a bold plan". Taja mpango wenyewe, eleza ulikuwa na hatari gani na ulileta nini, na mwajiri atachagua kivumishi mwenyewe.