Kabla ya Kupeleka Picha ya Simu Ikasafishwe

Wateja wengi wanaoniletea picha za harusi niwasafishie hutaka zitoke kama walivyoziona kwenye simu, nami hulazimika kuwaeleza kwamba hilo haliwezekani kikamilifu, kwa kuwa skrini hutoa mwanga wake yenyewe ilhali karatasi huakisi tu mwanga unaoiangukia.

Sehemu zenye giza ndizo huumia kwanza. Bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi, akapigwa picha ukumbini usiku, huonekana vizuri kwenye simu iliyopandishwa mwangaza hadi mwisho: ukosi, mikunjo ya koti na mstari wa taya, vyote vipo. Karatasini koti hugeuka doa moja jeusi, na upande wa uso ulio kivulini humezwa pamoja nalo. Kwa hiyo, kabla ya kuhariri, hushusha mwangaza wa skrini mpaka weupe wake ulingane na wa karatasi tupu iliyowekwa kando chini ya taa ya kawaida, ndipo ninapoinua vivuli vya uso, yaani kuzing'arisha kidogo sehemu zake zenye giza. Mteja akiitazama picha hiyo kwenye simu yake atalalamika kwamba imepauka, mwacheni alalamike.

Rangi nazo zina mipaka. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini mashine ya wino hutumia samawati, majenta (wekundu wa zambarau), njano na nyeusi, na ile buluu kali ya sare za wanakamati mara nyingi haifikiwi na mchanganyiko wowote wa wino huo.

Kuhusu ukubwa, picha ya inchi 4 kwa 6 huhitaji pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1200 kwa 1800 ili ipate pikseli 300 kwa kila inchi. Iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa, hivyo ombeni itumwe kama dokumenti, hasa ikiwa ni ya kukuzwa.

Ya kukuzwa, chapeni kwanza kipande kidogo chenye uso na nguo nyeusi, kwenye karatasi ileile itakayotumika, kisha mkitazame ukutani itakapotundikwa, maana taa ya manjano ya sebuleni huifanya ngozi ionekane nyekundu kuliko dirishani mchana, na fundi anapaswa kuambiwa hivyo kabla karatasi kubwa haijaingia mashineni.