Kwa Mlioanza Atachimenti: Ng'ombe "Aliyepona" Ndigana

Karibuni. Wengi wenu mtashika sampuli za ng'ombe wa maziwa kutoka Dagoretti, Kikuyu na Ngong, na mfugaji atawauliza: "Daktari, huyu si amepona?" (Mtaitwa daktari hata mkikataa, zoeeni.) Msikimbilie kujibu.

Ndigana kali husababishwa na Theileria parva, kimelea kinachoingia na mate ya kupe wa masikio. Kinavamia limfositi, chembe nyeupe zile zile ambazo zingepigana nacho, kisha kinazilazimisha kugawanyika ovyo mithili ya saratani. Kila chembe inapogawanyika, nacho kinagawanyika humo humo. Tezi ya chini ya sikio ndiyo huvimba kwanza kwa kuwa ipo karibu na anaponyonya kupe. Basi homa ikiwa changa, chomeni sindano kwenye tezi, pakeni slaidi, tieni rangi ya Giemsa. Ukingoja kukiona kwenye chembe nyekundu, umechelewa.

Ng'ombe akipona, kwa buparvakuoni (dawa ya ndigana kali) au kwa nguvu zake, mara nyingi hubaki na vimelea vichache kwa muda mrefu. Anakula, anakamuliwa, hana homa. Kinga imevibana bila kuvimaliza. Kupe mchanga akimnyonya, akajibandua na kukua, huenda akamwachia ndama wa jirani vimelea hivyo. Hata chanjo ya Muguga, hapo nje kidogo ya Nairobi, hufanya kazi kwa njia hiyo: ng'ombe hudungwa vimelea hai vilivyohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, pamoja na oksitetrasaiklini, antibiotiki inayokaa mwilini. Baadhi ya waliochanjwa nao hubaki wabebaji. Kwa hiyo "alichanjwa" si jibu la swali la mfugaji.

Wageni hukwama zaidi kwenye ELISA, kipimo kinachotafuta kingamwili kwenye damu. Ikitoka chanya, wanaandika "mgonjwa". Kingamwili zinasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na kimelea, lini, hazisemi. Wala hazithibitishi kwamba ng'ombe amelindwa, maana kwa ndigana kali ulinzi mkubwa ni wa chembe T za CD8, zinazoua limfositi zilizoambukizwa, na ELISA haizioni kabisa. PCR, kipimo cha DNA, hutafuta kimelea chenyewe, ila kwa mbebaji vinaweza kuwa vichache mno hata leo ikatoka hasi na mwezi ujao chanya. Hakuna aliyechafua sampuli.

Ndigana baridi ina ujanja wake: Anaplasma, bakteria wanaoisababisha, hubadilisha protini za nje kila kingamwili zinapoizoea, na ng'ombe anaweza kuibeba maisha yake yote.

Kwenye fomu, neno "amepona" liacheni. Jazeni tarehe ya homa ya mwisho, dawa aliyopewa, na kama alichanjwa, lini. Mfugaji akisahau jina la dawa, ombeni kuangalia juu ya ukuta wa banda. Chupa kutoka agroveti huwa bado ipo hapo.